Picha Inajua Upande, Haijui Umbali

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasimamia ukarabati wa zahanati na madarasa katika wilaya kadhaa za Kanda ya Ziwa, ofisi yetu iko Mwanza. Bosi amenunua kamera ya 360 pamoja na programu ambayo, kwa maneno ya muuzaji, ukibofya pembe mbili za ukuta inakupa urefu wake. Sasa anataka tuache kupima kwa futi: kijana mmoja aende saiti kupiga picha, sisi tubaki ofisini tupime lipu, sakafu na madirisha, na malipo ya mkandarasi yatokane na vipimo hivyo. Tena kuna nyufa kwenye zahanati moja kisiwani Ukerewe, anataka tuzifuatilie kwa picha hizohizo. Mkandarasi ameshaanza kunung'unika. Je, vipimo hivi vinaaminika? Na ukaguzi wa picha unatosha?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, ili hata ukiitwa saiti kabla hujamaliza kusoma uwe nalo. Kwa ukaguzi, kamera hiyo ni mali. Kwa makadirio ya haraka, inafaa. Kwa malipo ya mkandarasi, kwa namna bosi wako anavyotaka itumike, hapana.

Sababu ni moja, na karibu yote nitakayosema yanatoka humo. Panorama, yaani picha hiyo ya 360, inajua kila kitu kiko upande gani kutoka kwenye kamera, lakini haijui kiko umbali gani. Umbali lazima uletwe kutoka kwingine. Kwa hiyo aliyewauzia programu msimuulize ina usahihi kiasi gani, maana atawajibu kwa asilimia tamu. Muulizeni: umbali mnautoa wapi?

Ukiifungua picha ya 360 ikawa bapa, utaona upana wake ni mara mbili ya kimo chake. Upana ule wote ni nyuzi 360 na kimo ni nyuzi 180, na kila pikseli (nukta moja ya picha) ni mwelekeo: nyuzi kadhaa kulia, nyuzi kadhaa juu au chini. Kwa sisi wapima, hiyo ni sawa na theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, iliyosoma pembe zote za chumba kwa sekunde moja. Zawadi kubwa hiyo, siibezi. Ila theodolaiti peke yake hukupa umbo, haikupi ukubwa. Darasa la mita 8 na banda la kuku lililojengwa kwa umbo lilelile, ukiweka kamera katikati ya kila moja kwa uwiano uleule, yatatoa picha zinazofanana.

Wala hili si jambo geni. Mwaka 1858 mjenzi kijana wa Prussia, Albrecht Meydenbauer, alitumwa kupima kanisa kuu la Wetzlar, Ujerumani. Akiwa juu ukutani nusura aanguke, na baada ya hofu ile akajiuliza kwa nini asiipime picha badala ya kuning'inia ukutani. Neno fotogrametria, yaani kupima kwa picha, lilichapishwa kuhusu kazi yake mwaka 1867, na mwaka 1885 akaanzisha taasisi ya serikali ya kupima majengo kwa picha huko Berlin. Bosi wako angempenda sana mtu huyo. Lakini hata Meydenbauer ilimbidi apime chini umbali kati ya kituo kimoja cha kamera na kingine. Bila umbali huo hakuna kipimo.

Sasa tuangalie programu yenu inautoa wapi umbali. Kwa jinsi ulivyoeleza (picha moja, kubofya pembe mbili), ninadhani inautoa kwenye kimo cha kamera. Unaiambia kwamba lenzi iko mita 1.60 juu ya sakafu. Ukibofya mahali ukuta unapokutana na sakafu, inasoma ni nyuzi ngapi chini ya usawa, kisha inatatua pembetatu tuliyofundishwa sekondari: kimo kugawanya kwa tanjenti ya pembe. Ukuta ulio mita 3 kutoka kwenye kamera, mguu wake unaonekana nyuzi 28 chini ya usawa. Ulio mita 10, nyuzi 9. Ulio mita 20, nyuzi 4 na nusu. Ukishaujua umbali wa mguu wa ukuta, kimo cha ukuta ni kazi ndogo: unabofya juu yake, programu inasoma pembe ya kupanda, inajumlisha na ile 1.60.

Zirudie hizo namba polepole. Kati ya mita 3 na mita 10 kuna nyuzi 19 za kuchezea. Kati ya mita 10 na mita 20 zipo nyuzi 4 na nusu tu, na ndizo zinazobeba mita kumi nzima. Kwa hiyo kamera ikiinama nusu nyuzi, kiasi ambacho jicho halikioni, ukuta wa mita 3 unakosewa kwa kama sentimita 6, wa mita 10 kwa zaidi ya nusu mita, na wa mita 20 kwa mita mbili na ushee. Kamera za siku hizi zina kihisi cha ndani kinachoinyoosha picha ili chini ibaki kuwa chini. Kinasaidia, lakini usikidhani ni pima maji ya mpima.

Kipo kipimo cha bure cha kukichunguza kihisi hicho, sisi tumekirithi kutoka kwenye theodolaiti. Piga picha. Bila kugusa stendi, zungusha kamera nusu mzunguko mpaka lenzi ya mbele iwe nyuma, piga tena. Pima ukuta uleule kwenye picha zote mbili. Kosa la kuinama liligeuka pamoja na kamera: kama picha ya kwanza ilirefusha, ya pili itafupisha. Wastani wa vipimo viwili unakaribia ukweli, na nusu ya tofauti ndiyo aibu ya kamera yako. Wengi hawalifanyi jambo hili kwa sababu halimo kwenye kijitabu cha muuzaji.

Tena programu inaamini sakafu ni tambarare kama meza. Ndani ya chumba chenye sakafu ya terazo, sawa. Toka nje sasa, na Mwanza yenu hiyo ya mawe na miinuko. Ardhi ikishuka sentimita 2 tu kwa kila mita, kitu kilicho mita 10 kitaonekana chini kuliko inavyotarajiwa, na programu itakuambia kiko mita 8.9. Umepoteza zaidi ya mita moja bila mtu yeyote kukosea kubofya. Na ukibofya kitu ambacho hakijagusa sakafu, kwa mfano mguu wa dirisha au ukingo wa meza, ukidhani ni sakafu, jibu litakuja likiwa na tarakimu mbili za desimali na halitakuwa na maana yoyote. Zile desimali ndizo zinazotuponza.

Hapo nina kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na ukumbi mmoja wa kupima lipu, nikaona nitumie panorama ili nimalize mapema. Stendi yangu ilikuwa ya kuvuta na kufunga, na skrubu ya kola ilikuwa imelegea. Niliandika 1.60 kwenye programu, lakini kabla sijapiga picha stendi ilishazama ikawa 1.52. Sikupima upya. Sentimita nane, nani angejali? Kila urefu kwenye ukumbi ule ukaongezeka kwa asilimia 5 na kidogo. Lakini lipu hailipwi kwa urefu, inalipwa kwa eneo, na eneo linabeba kosa mara mbili: urefu umezidi na kimo kimezidi. Ukuta wa mita za mraba 240 ukasomeka 266, karibu asilimia 11 juu. Mkandarasi, kama unavyoweza kukisia, hakulalamika.

Aliyegundua ni mkadiriaji majenzi wa mradi, mama mmoja mtulivu sana. Alinipigia simu akaniuliza kwa upole kwa nini milango yangu yote ina mita 2.21 wakati aliyonunua fundi ni ya 2.10. Tangu siku hiyo mlango ndio shahidi wangu. Kila kituo cha picha lazima kionyeshe kitu ninachokijua kwa uhakika, na kabla sijapima kingine chochote napima hicho. Mlango usipotoa 2.10, sina haja ya kuendelea.

Nilichukua muda kwenye njia hiyo kwa kuwa ndiyo yenu. Njia ya pili ni picha mbili au zaidi za chumba kimoja kutoka sehemu tofauti. Hapo unabofya nukta moja kwenye picha zote mbili, na mistari miwili ya mwelekeo inakutana hewani. Sakafu haihitajiki tena, kwa hiyo unaweza kupima dirisha, bimu, hata kenchi. Nguvu yake iko kwenye umbali kati ya vituo. Chukulia pembe zina kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na ukuta uko mita 6: vituo vikiwa mita 1.5 kutoka kimoja hadi kingine, kosa ni kama sentimita 4. Ukiviachanisha mita 3, linashuka hadi sentimita 2. Vijana wavivu huweka vituo karibu karibu ili wasihame na stendi, na hapo ndipo vipimo vinapooza. Epuka pia kupima kitu kilicho kwenye mstari unaounganisha kamera mbili, kwa sababu mistari inalala juu ya mwenzake na haikutani popote. Weka kituo cha tatu pembeni. Na ukubwa bado lazima uuingize wewe: umbali kati ya vituo uliopimwa kwa leza, au fito yenye alama iliyosimamishwa ukutani.

Njia ya tatu ni vifaa vinavyopima umbali vyenyewe. Kamera za Matterport za kizazi cha Pro2 zilitumia mwanga usioonekana wa infraredi, na mtengenezaji mwenyewe alitaja usahihi wa asilimia 1. Jua likiingia ndani mwanga ule unamezwa, kwa hiyo saiti isiyo na paa usijisumbue. Pro3 inatumia leza, na mtengenezaji anataja milimita 20 kwenye mita 10. Juu zaidi kuna skana za leza kamili, ambazo hata ndogo zake zinashuka hadi milimita chache kwenye umbali huo. Kwenye mifumo hii unabofya picha, lakini kipimo kinatoka kwenye wingu la nukta za leza lililo nyuma yake. Picha ni nguo tu. Jihadhari na kingo. Ukitaka kubofya ukingo wa nguzo na kidole kikateleza pikseli mbili, unapata ukuta ulio nyuma yake, mita nne zaidi. Vioo navyo vinadanganya leza. Siku hizi zimetokea pia programu za akili mnemba zinazokisia umbali kwa kuwa zimeona mamilioni ya vyumba. Za kuuzia nyumba, sawa. Zahanati ya Ukerewe si moja ya vyumba zilivyojifunzia.

Basi kabla hujaingia kwa bosi, fanya jambo moja litakalokupa maneno ya kusema. Chukua chumba kimoja na veranda moja mnazozikarabati. Pima urefu ishirini kwa kipima umbali cha leza: mfupi kama upana wa dirisha, wa kati kama ukuta, mrefu kama ulalo wa darasa kutoka kona hadi kona. Andika, kunja karatasi, weka mfukoni. Mpe mtu mwingine picha apime urefu huohuo kwenye kompyuta bila kuiona karatasi yako. Linganisheni. Usiangalie wastani wa makosa, maana yanayozidi na yanayopungua hufutana; tazama kosa kubwa kuliko yote, kisha ujiulize kama ungeweza kulitetea mbele ya mkandarasi na mkaguzi wa hesabu wakiwa wamekaa pamoja. Asubuhi moja inatosha. Majibu yatakayopatikana yatakuwa ya kamera yenu, stendi yenu na kijana wenu, na hayo yana uzito kuliko ninayosema mimi kutoka mbali.

Kuhusu mkandarasi kunung'unika, ana hoja hata kama hajaisema vizuri. Upimaji wa malipo ni kazi ya watu wawili. Kama mkataba wenu umejengwa juu ya FIDIC ile nyekundu ya mwaka 1999 (kitabu cha masharti ya mikataba ya ujenzi cha shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu cha 12 kinamtaka mhandisi amtaarifu mkandarasi anapotaka kupima, ili naye ahudhurie au alete mtu. Mkataba wa namna nyingine utakuwa na utaratibu wake, usome. Ofisi kupima peke yake kwenye skrini halafu ikatangaza matokeo ni kumnyima nafasi hiyo. Picha iwepo, ila kama kiambatisho cha karatasi ya vipimo iliyosainiwa na wote wawili: hivi ndivyo ukuta ulivyokuwa siku tuliyopima. Nimeona ubishi wa saa mbili ukiisha kwa dakika moja kwa sababu mtu aliifungua picha, ikaonekana dirisha la nne halikuwa na fremu.

Hapo tumeshaingia kwenye ukaguzi, na huko nabadilisha sauti kabisa. Ningekuwa bosi wako, kamera ile ningeinunua kwa kazi moja tu: kupiga kila kitu kinachokaribia kufunikwa. Nondo kabla ya zege. Mabomba na mifereji ya waya kabla ya lipu. Msingi kabla ya kufukiwa, nailoni kabla ya sakafu kumwagwa. FIDIC hiyohiyo, kifungu 7.3, inamtaka mkandarasi atoe taarifa kabla hajafunika kazi; akifunika bila taarifa anaweza kuamriwa afukue kwa gharama yake. Lakini mnaweza kufika saiti ngapi kwa siku moja? Panorama ina fadhila ambayo picha ya simu haina: haichagui. Kwenye picha ya simu, mpigaji ameamua nini uone. Kwenye panorama utaona na kile ambacho hakuna aliyekifikiria siku ile, na miezi sita baadaye ndicho kitakachoulizwa.

Ila ujue macho yake yanaishia wapi. Chukua kamera yenye picha ya pikseli 6,720 kwa upana, kama Ricoh Theta Z1. Gawanya kwa 360: kila nyuzi ina pikseli 18 na kitu. Kwenye mita 2, pikseli moja inafunika kama milimita 1.9 ya ukuta. Mita 3, milimita 2.8, mita 10, zaidi ya 9. Nondo ya milimita 12 ukiwa mita 2 ni pikseli sita. Utazihesabu nondo, utaona kama zimepangwa kila milimita 200 au fundi amezitawanya, utaona ringi zilizosahauliwa. Kutofautisha nondo ya 12 na ya 10, hapana: ni tofauti ya pikseli moja, na ukungu wa lenzi peke yake unaweza kuila. Kamera mpya za megapikseli 72 zina pikseli karibu 12,000 kwa upana na zinaipunguza shida hiyo, hazijaiondoa. Kwa nondo, kijana abebe kalipa (kifaa cha kubana kitu na kusoma unene wake), aibane nondo, asome, na kalipa yenyewe ikiwa bado imeibana aipige kwa simu karibu. Panorama ionyeshe mahali, simu ionyeshe undani.

Kamera hizi zina lenzi mbili zilizopeana mgongo, na picha zake huungwa pembeni. Kwa kuwa lenzi mbili haziwezi kukaa mahali pamoja, kitu kilicho karibu sana, chini ya mita moja hivi, kinavunjika kwenye mshono: nguzo iliyonyooka inaonekana imekatwa na kusogezwa. Nimeshamwona mkaguzi akiandika kwamba nguzo imepinda kumbe ni mshono. Kwa hiyo unachokijali kitazamwe na uso wa lenzi, mshono uelekezwe kwenye mlango au mahali pasipo na maana. Na mpigaji atoke chumbani, aifyatue kamera kwa simu. Picha yenye mtu aliyejificha nyuma ya stendi imejaa kwenye mafaili ya miradi yetu. Inachekesha mara ya kwanza tu.

Vituo viwe vya kudumu. Chora kwenye ramani ya jengo: kituo namba 1 katikati ya chumba cha mapokezi, namba 2 chumba cha sindano, na kuendelea; chini piga msumari au doa la rangi. Kila ziara, stendi juu ya doa lilelile, kimo kilekile kilichopimwa kwa futi siku hiyo (unajua kwa nini ninasisitiza). Ukipanga picha za Machi, Aprili na Mei za kituo kimoja, hata mtu asiyejua ujenzi ataona kilichobadilika. Tarehe ya kamera ikaguliwe kila asubuhi. Betri ikiisha kabisa baadhi ya kamera hurudisha saa nyuma miaka mingi, na picha ya ushahidi yenye tarehe ya uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na picha. Faili asili zisiguswe, za kuchorea mishale ziwe nakala.

Mzigo wa data si mdogo. Picha arobaini kwa ziara moja zinaweza kufika megabaiti mia kadhaa, na kuzipandisha kwa bando ukiwa kisiwani ni kuchoma pesa. Zirudi ofisini kwenye kadi. Kuzitazama hamhitaji kulipia mtandao wa mtu: Pannellum ni kitazamio huru kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, kinaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya ofisi, na Hugin, nayo ya bure, inaunga na kunyoosha picha zilizokaa vibaya. Faida nyingine ya kukaa nazo wenyewe ni hii: zahanati ina wagonjwa, na darasa lina watoto. Panorama isiyochagua haimchagui pia mama aliyekaa kwenye benchi na kadi ya kliniki mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023. Pigeni kabla ya saa za huduma, au watu waombwe kupisha kwanza, na sura iliyobaki izibwe kabla picha haijatoka ofisini.

Usimwambie bosi kwamba alitupa hela. Kwa majengo ya zamani picha kama hizi zina thamani isiyokadirika. Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, sehemu yake iliporomoka. Ukuta ukishalala chini hakuna futi inayoweza kuupima ulivyokuwa umesimama. Unabaki na michoro na picha zilizotangulia, kama zipo. Kule Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, watafiti wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu kwa skana za leza na kupiga panorama pamoja. Zingatia hilo la pamoja: leza kwa kipimo, panorama kwa jicho.

Sasa nyufa zenu. Upana wa ufa unaozitia wasiwasi kanuni za zege huanzia milimita 0.3 hivi, ndicho kikomo ambacho Eurocode 2, kanuni ya Ulaya ya majengo ya zege, inakitaja kwa mazingira mengi. Umeshaona hesabu ya juu: pikseli moja kwenye mita 3 ni milimita 2.8. Ufa huo unaweza kuonekana kama mstari mwembamba kwa sababu una giza kuliko rangi ya ukuta, na programu ikakubali uupime, lakini utakuwa unapima upana wa pikseli. Ukikua maradufu hutajua. Panorama itakuambia ufa upo wapi, umeanzia kona gani ya dirisha, umefika lenta au umepita, na kama umetokea mwingine ukuta wa pili. Upana na mwendo wake vinahitaji mkono.

Fanyeni hivi ziara ijayo. Kila ufa upewe herufi, iandikwe kwa penseli ukutani kando yake. Mwisho wa ufa ulipo leo uwekewe alama ya mkato na tarehe. Misumari miwili ya chuma, mmoja kila upande wa ufa, kama sentimita 10 kutoka mmoja hadi mwingine, isiyotikisika. Umbali kati yake usomwe kwa kalipa ya tarakimu na kuandikwa. Wekeni jozi tatu kwenye ufa mrefu: juu, katikati, chini, maana ufa unaofunguka juu zaidi kuliko chini unasimulia habari tofauti na ule unaofunguka sawasawa. Baada ya hapo si lazima uvuke maji kila mwezi. Mganga wa zahanati au mlinzi anaweza kufundishwa kubana kalipa na kukutumia namba kwa simu, pamoja na picha ya kioo cha kalipa. Asome asubuhi saa zilezile, kwa sababu bati na kuta hutanuka mchana. Wewe nenda kila baada ya miezi mitatu na kamera yako. Lakini zikija namba mbili mfululizo zinazopanda, au mlango uliokuwa ukifunga ukaanza kugoma, usisubiri miezi mitatu wala usitume kijana wa picha. Panda kivuko na mhandisi wa miundo, mwende mkachimbe shimo kando ya msingi mwone umekalia nini.

Na siku ukivuka, nitumie picha ya kituo kilicho karibu na ufa mkubwa, pamoja na kimo cha kamera kilichopimwa kwa futi. Nitaanza kwa kupima mlango.